Harufu ya Njegere-Maua

Pua yangu ilikufa msimu wa baridi uliopita, na sikumwambia mtu. Yalianza mafua ya kawaida, yale ya kupiga chafya na kulaumu vumbi. Mafua yakaondoka na harufu zote za dunia. Nilifungua chupa ya mafuta ya karafuu, nikavuta pumzi mpaka machozi yakanitoka, nikasikia ubaridi tu puani. Nikafungua ya mchaichai. Ubaridi. Nikaketi juu ya ndoo katikati ya chumba changu cha kuchanganyia, nikawa nafungua kizibo kimoja baada ya kingine kama mtu anayetafuta ufunguo mifukoni.

Mtu mwingine angesema si neno, muhimu uzima. Mimi natengeneza sabuni. Nyumba hii ilijengwa kwa sabuni, watoto wangu wamesoma kwa sabuni, na mtaa mzima unaniita Mama Pua. Wasionijua hudhani ni kwa sababu ya ukubwa wake, na sikatai kwamba Mungu hakunibania hapo. Lakini jina lilitokana na kazi. Nilikuwa nasimama mlangoni pa duka la mafuta na kujua pipa lipi limechacha kabla muuzaji hajalifungua. Mwanangu mkubwa, enzi za ujana wake, alikuwa akitafuna mnanaa njia nzima ili nisijue amevuta sigara, nami namtajia mpaka aina ya sigara. Sasa Mama Pua asimame mbele ya nani aseme hana pua?

Nikanyamaza. Nikawa napima kwa vijiko, kwa mazoea na kwa ujeuri. Nilikuwa nafanya kazi na mkamwana wangu, mke wa huyo mwanangu mkubwa, mwanamke wa maneno machache ambaye nimemfundisha mwenyewe tangu aingie nyumbani kwetu. Siku moja tulipokuwa tunapasha mafuta, akasita na mwiko mkononi.

"Mama, haya mafuta mbona kama yame..."

"Nani Mama Pua hapa?" nikamkata.

"Wewe, Mama."

"Basi koroga."

Akakoroga. Sabuni zile tukazikata vipande, tukazifunga kwenye karatasi nzuri, nikazipeleka mwenyewe kwa mwenye duka la kona. Baada ya siku chache akaniita pembeni, huku anatazama barabarani.

"Mama Pua, samahani sana. Sabuni za safari hii zina nini?"

"Ni mtindo mpya," nikamwambia.

"Ahaa," akasema. Akalisukuma boksi kwangu kwa mguu, taratibu, wateja wasione.

Nilirudi nalo kichwani, na boksi halikuwa zito, lakini shingo iliniuma mpaka nyumbani. Nilijua nimekwisha nisipopata pua nyingine ya kunisaidia. Shida ni kwamba ukienda kuazima kitu, lazima kwanza ukiri kwamba chako huna. Mimi nilitaka kuazima bila kukiri. Ndipo nikaanza kuyafikiria maua yangu.

Nyuma ya chumba cha kuchanganyia, pale ukuta unapotupa kivuli nusu ya siku, nilikuwa nimepanda njegere-maua. Nilipokuwa msichana nilifua nguo kwenye nyumba moja yenye ua wa waya, na kwenye ule ua ilitambaa mimea yenye maua kama ya njegere, yananukia mpaka shuka zikikauka unadhani zimepuliziwa manukato. Niliitamani mimea ile maisha yangu yote. Mwaka juzi nikamwendea muuza mbegu, mama mmoja mchangamfu mwenye kibanda nyuma ya soko, nikamwambia nataka njegere za maua. Akanipa kipakiti. "Hizi ni za kudumu," akasema, "na zinawahi kuchanua kuliko zote." Niliposikia kudumu na kuwahi, yaliyobaki nikajijazia mwenyewe.

Mbegu zake ni ngumu kama changarawe. Nilizisugua kwa msasa, nikaziloweka zikalala majini, ndipo nikazifukia. Mwaka wa kwanza zilitoa majani tu, tena kidogo, kwa dharau. Jua kali lilipokuja zikakauka zikapotea ardhini, nikazilia kama mtu aliyefiwa. Mkamwana ndiye aliyechomeka vijiti kuzunguka pale, mtu asije akapachimba. "Zinalala tu, Mama," akasema. "Na mizizi yake haipendi kuhamishwa, tuziache." Akaendelea kupamwagilia maji mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kuona.

Mwaka huu, kabla baridi haijaisha vizuri, wakati bustani za watu zote bado ni vijiti vya kijivu, njegere zangu zikatoka. Hazikutambaa kwenye waya kama zile za ujanani mwangu. Zilisimama zenyewe, kichaka cha kufika magotini, na zikajaa maua. Yanafunguka yakiwa zambarau ya kuelekea wekundu, kisha yanavyokomaa yanageuka bluu, hivyo kwenye kikonyo kimoja unakuta rangi zote mbili. Nilishangaa kwamba hazitambai, lakini nikasema labda ndiyo uzao wa kisasa.

Nikaalika watu Jumamosi mchana. Alikuwepo mwanangu mkubwa, fundi wa kuchomelea vyuma. Alikuwepo binti yangu wa mwisho, tunamwita Kitindamimba hadi leo ingawa ni mtu mzima, anafanya kazi mapokezi kwenye zahanati na ana ulimi wa asali. Alikuwepo jirani yetu Mwalimu, mstaafu wa hesabu, pamoja na mkewe. Mkamwana alikuwa anapita na trei ya chai.

"Leo nataka kujua nani ana pua katika nyumba hii," nikawatangazia, nimesimama mbele ya kichaka changu. "Mimi umri unakwenda. Chumba cha kuchanganyia kinahitaji mtu. Atakayenieleza harufu hii sawasawa, ndiye nitakayempa ufunguo."

Kwanza nikainama mimi. Nikafumba macho, nikavuta pumzi. Nikauona ule ua wa waya, na shuka nyeupe, na mikono yangu ya usichana iliyojikunja kwa maji. "Eee!" nikasema. "Hizi zinanukia!"

Mwalimu akaja, mikono nyuma, kama anakagua madaftari. Akanusa. "Zinanukia vizuri," akasema. "Hasa hizi za upande wa kushoto." Mkewe akasema kweli, za kushoto zimezidi. Mwanangu akasema pua yake imejaa moshi wa kazini, lakini naye anaona zinanukia.

Kitindamimba akashika ua kwa vidole viwili. "Mama! Naisikia asali. Na ganda la chungwa. Halafu kwa mbali, ngoja, kama nguo iliyoanikwa asubuhi."

Moyo wangu uliruka. Nguo iliyoanikwa! Sikukumbuka kwamba hadithi ya zile shuka nilikuwa nimemsimulia tangu yuko mgongoni.

"Na wewe?" nikamwambia mkamwana.

Akaweka trei chini, akafuta mikono. Alinusa ua la zambarau, akanusa la bluu. Akachuma petali, akaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada kama nilivyomfundisha, akaisogeza puani tena. Akakaa nayo.

"Mama, sisikii kitu."

"Nusa vizuri."

"Nimenusa, Mama. Nasikia majani, na udongo. Kwenye ua lenyewe sisikii kitu."

Ningeweza kuishia hapo. Ningesema haya, kila mtu na pua yake, tukanywa chai. Lakini watu walikuwa wananitazama, na mimi nilikuwa na hofu ya mwizi anayesikia hatua nje ya mlango. Nikacheka.

"Jamani, kumbe mwanangu ameniolea kiziwi! Miaka yote hii nakoroga sabuni na kiziwi wa pua. Ndiyo maana safari ile nikarudishiwa boksi zima dukani. Mafuta yamechacha, mwenzangu yuko juu yake na mwiko, hasikii!"

"Kumbe ndiyo sababu," Mwalimu akasema. Mkewe akaguna kwa kunihurumia. Kitindamimba akacheka, akaona kaka yake hacheki, akaacha.

Mkamwana alinitazama. Hakuwa na hasira usoni, ingekuwa afadhali. "Sawa, Mama," akasema. Akafungua aproni yake, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya benchi, akachukua trei akaingia ndani. Ufunguo nikampa Kitindamimba, watu wakapiga makofi.

Jumatatu mkamwana aliniamkia kwa adabu ileile. "Shikamoo Mama." "Marahaba." Kisha akatoka kwenda kwa dobi wa mtaa wa pili, alikokuwa amepata kazi ya kupiga pasi. Mwanangu akawa anakula huku anaangalia sahani. Siku akiongea nami, anazungumzia hali ya hewa.

Na Kitindamimba akaingia chumbani kila akitoka zahanati, kavaa glavu mpaka viwikoni, anaiogopa soda kostiki kama nyoka. "Mama, hili ndilo waridi?" ananiuliza, kanisogezea chupa. Mimi nasoma lebo kabla ya kujibu. "Wewe unasikiaje?" namwambia, kama mwalimu anayempima mwanafunzi. "Kama waridi," anasema. Tukawa hivyo, ananitegemea mimi na mimi namtegemea yeye, na sabuni inaganda katikati yetu.

Siku moja nikaenda kwa muuza mbegu, nikitaka kipakiti kingine. Kwa kweli nilikwenda kujisifu. Nikamweleza jinsi zilivyowahi, jinsi zilivyojaa, jinsi zinavyonukia.

Akacheka. "Labda unazichanganya, Mama. Zinazonukia ni zile za mwaka mmoja, zinazotambaa, ukizipanda zinachanua zinakufa. Hizi za kudumu hazina harufu."

"Hazina harufu nyingi, unataka kusema."

"Hazina kabisa."

"Mwanangu, nimezinusa mimi mwenyewe. Mimi Mama Pua."

"Basi pua yako inawashinda nyuki," akasema, bado anacheka, akanipa kipakiti.

Sikumbuki kama niliaga. Nilitembea upande wa barabara wenye kuta, karibu na kuta, kana kwamba watu wote sokoni wamesikia. Nilijiona nimefumba macho mbele ya kichaka, nasema eee. Nilijiona nacheka. Uso uliniwaka mpaka masikioni. Nikajaribu kumkasirikia Mwalimu na kushoto kwake, nikajaribu kumkasirikia mwanangu na moshi wake, hasira hazikukaa. Kila nikiinua kichwa, nilimwona mtu mmoja tu, kasimama na petali kati ya vidole, anasema alichokisikia. Na yale mafuta alikuwa amenionya. Nilikuwa nimelijua hilo siku ileile nikiwa nalitangaza kosa kuwa lake.

Kitindamimba alikuwa chumbani anavaa glavu.

"Ulisikia nini kwenye yale maua?" nikamwuliza.

"Si nilikwambia, Mama? Asali, na..."

"Hayana harufu. Nimetoka kwa mwenye mbegu."

Akaanza kuvua glavu, kidole kimoja kimoja. "Sasa ningefanyaje?" akasema. "Umesimama pale, umefumba macho, unasema eee. Nani katika nyumba hii amewahi kukwambia hapana akabaki salama?"

"Wifi yako alisema."

"Na ukamfanya nini?"

Huyu mtoto nilimzaa mimi, na uongo wake niliufinyanga mimi, nikaupaka na rangi. Nikatoka bila kuvua viatu vya sokoni.

Kwa dobi kuna chumba kimoja kirefu, meza mbili na kamba za nguo. Mkamwana alikuwa kwenye meza ya ndani, na lundo la mashati. Aliponiona akaisimamisha pasi.

"Shikamoo Mama. Kuna usalama nyumbani?"

"Marahaba. Kuna usalama." Nikashika ukingo wa meza. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani, yote yakaniruka. "Pua yangu imekufa," nikasema.

Alinitazama. "Tangu lini?"

"Tangu yale mafua. Sisikii karafuu, sisikii moshi, sisikii kitu. Maua yale hayana harufu. Ulisema kweli."

"Kumbe siku ile ulikuwa hujui kwamba mafuta yamechacha."

"Sikujua."

"Mimi nilidhani unajua," akasema polepole. "Nilidhani unasikia, ila hutaki kusikia kutoka kwangu."

Hilo lilinichoma kuliko lawama. Nikamwambia nisamehe. Nilimwambia kwa jina lake, ambalo silitumii, nimezoea kumwita mama fulani, mama wa wajukuu zangu. Akasema amenisamehe, na macho yake yalionyesha ni kweli.

"Basi rudi chumbani," nikasema.

Alichukua shati, akalinyunyizia maji, akalinyoosha kola. "Mama," akasema, "kule ulinisema mbele ya watu. Hapa unaniomba radhi tuko mimi, wewe na pasi." Akapitisha pasi mara moja. "Juzi Mwalimu alinisalimia kwa kupaza sauti, utadhani ni masikio ndiyo mabovu. Mume wangu ameulizwa kazini kama ni kweli mkewe aliharibu sabuni za mama yake. Sisemi kwa ubaya. Ila nikirudi, nitarudi kama nani?"

Ningeweza kumwambia mimi ni mama mkwe wako, usinivue nguo uzeeni. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Nikayameza, nikatoka.

Nikawaalika walewale, Jumamosi mchana, bustanini. Mkamwana alikuja, akasimama nyuma ya wote karibu na mlango wa jikoni, bila trei. Maua yalikuwa yamebaki machache, yote yameshageuka bluu, na chini ya kikonyo maganda membamba yalianza kujitokeza. Mwalimu alikuja na kofia mpya. Nadhani alitegemea sherehe.

Nilitamani mvua, nilitamani mgeni apige hodi, nilitamani hata kuanguka. Nimezaa mbele ya wakunga wasionijua na sikuona haya kama niliyoiona pale, mbele ya watu watano na kichaka.

Nikainama. Sikufumba macho safari hii. Nikavuta pumzi, ubaridi ukapita.

"Sisikii kitu," nikasema.

Mwanangu, Mungu ambariki, akataka kuniokoa. "Labda harufu imeisha, Mama. Si unaona yamezeeka?"

"Ndiyo," Kitindamimba akadakia, "yakigeuka bluu huwa inaisha."

Walinifungulia mlango kabisa, na ulikuwa mlango mzuri. Ningepita tu, nikasema ndiyo, imeisha, karibuni chai. Nikatazama mlango wa jikoni. Alikuwa ameinamisha kichwa, kama aliyekwisha kujua nitakachochagua.

"Haikuwepo," nikasema. "Maua haya hayajawahi kunukia. Wote mlinusa hewa, na wa kwanza ni mimi. Pua yangu imekufa tangu baridi iliyopita. Yale mafuta niliyapasha mimi. Mke wa mwanangu aliniambia yamechacha, nikamwambia koroga. Kisha nikasimama hapa nikamwita kiziwi. Kiziwi ni mimi."

Mwalimu alivua kofia, akawa anaizungusha mikononi, akiangalia maua ya upande wa kushoto. Mkewe akaangalia viatu vyake. Nilisimama katikati yao, mwili mzima unaniwaka, sijui mikono niiweke wapi. Nilitaka mtu aseme chochote, hata tusi.

Nikasikia ndala zikija kutoka jikoni. Mkamwana akapita kati ya Mwalimu na mkewe, akainama kando yangu, bega lake likagusa langu. Akanusa ua moja la bluu, kwa muda mrefu, kwa haki.

"Hata mimi, Mama," akasema.

Kisha akainuka, akageuza uso taratibu kuelekea dirisha la chumba cha kuchanganyia, akavuta pumzi, akakunja kipaji cha uso.

"Lakini huko ndani kuna kitu kimechacha."